Kuosha jina la mkopo: mambo tunayodanganyana



Kila baada ya miezi michache inaingia audio mpya kwenye simu zetu juu ya "kuosha jina". Mara ni ndugu aliyetoka kambi ya Nyarugusu akapelekwa Marekani, anaeleza namna alivyopandisha "score" yake. Mara ni video ya Nairobi, kijana mwenye kravati anafundisha namna ya kutoka CRB. Mara ni mtu wa hapahapa Baraka, anasema anamjua komisioneri wa Bukavu ambaye kwa dola 30 anaondoa jina lako mu mashini ya benki. Tunasikiliza, tunatumiana, tunaamini. Leo nataka kuyapima maneno hayo, sababu mimi pia niliyaamini, na aliyeumia hakuwa mimi. Alikuwa mama mdogo.

Mwaka 2019 nilikuwa na diploma yangu ya licence na kazi ya ualimu wa sekondari, N.U., bila mshahara wa serikali, naishi kwa prime ya wazazi. Nikaona vijana wanapakia ndakala Baraka, wanauza Misisi kwa wachimba dhahabu, wanarudi na faida. Mtaji sikuwa nao, wala sikuwa mwanachama wa AVEC yoyote. Mama mdogo alikuwa na akiba ya dola 50 katika AVEC yake, na desturi ya kule ni kukopesha mpaka mara 3 ya akiba. Akakopa dola 150 kwa jina lake, akanipa. Mu kaye ya kikundi jina langu halikuandikwa popote.

Mvua ikatukuta njiani baada ya Lulimba. Lori likazama kwenye matope siku 4, magunia yakalowa. Nilichouza Misisi hakikufika hata dola 60. Kama ningerudi siku ileile na kusema ukweli, mambo yangeishia hapo. Lakini nilibaki Misisi miezi 7, nikatupa SIM kadi, nikanunua nyingine, nikajiambia kwamba maneno yatapoa yenyewe. Siku ya kugawana, wenzake mama mdogo walibeba hisa zao na faida. Yeye hisa zake zilikatwa zote zikaenda kwenye deni, akarudi nyumbani mikono mitupu.

Niliporudi nilimlipa kidogo kidogo mpaka dola ya mwisho. Nikafikiri nimemaliza. Siku moja namkuta meza yake ya biashara iko karibu tupu, namuuliza kwa nini hakukopa ajaze. Akanijibu: "Mwanangu, ulinilipa mimi. Lakini mu kikundi niko paka mama mwenye kuchelewesha makuta ya watu."

Jibu hilo njo lilinifungua macho. Jina linatengenezwa pale lilipoharibikia, mbele ya wale walioumia. Karibu maneno yote yanayozunguka kwenye simu zetu yanakwepa jambo hili moja. Tuyaangalie.

"Score yako iko chini, ipandishe."

Hili linatoka Marekani, na kule lina maana. Kule kuna makampuni yanayokusanya habari za kila mkopaji, na kutokana na habari hizo inahesabiwa namba. Ile inayojulikana zaidi, FICO, inaanzia 300 na kuishia 850. Ndugu zetu waliofika kule wanaikuta namba hiyo wanapotafuta nyumba ya kupanga au gari. Ni haki yao kuisema. Kosa ni letu sisi tunaoichukua audio yao kama dawa ya ugonjwa wetu.

Hapa Fizi mwenye kukukopesha haangalii namba kwenye simu. Anauliza: huyu ni mtoto wa nani? Anaweka akiba kila juma? Mara ya mwisho alirudisha lini? Nani anasimama nyuma yake? Kwa banki na taasisi za mikopo midogo kuna daftari lingine juu ya hilo: Banque Centrale du Congo ina Centrale des risques, ambamo taasisi hizo hupeleka habari za mikopo zilizotoa na kuuliza habari za mtu anayekuja kuomba. Hilo ni jambo la kweli na tulijue. Lakini AVEC ya mama yako, likelemba ya soko na duka unalochukua sabuni kwa deni viko mu kaye na mu vichwa vya watu. Huwezi kupandisha kaye kwa kufuata ushauri wa mtu anayezungumzia kadi ya benki ya Chicago.

"Kuna mtu anaweza kukutoa mu mashini."

Hili ni uongo, na ni uongo wa biashara. Habari iliyopelekwa na taasisi, kama ni ya kweli, komisioneri hana mlango wa kuifuta. Kama ni ya uongo, kwa mfano umelipa na bado wanakuonyesha kama mdaiwa, unayepaswa kumwendea ni ile taasisi iliyoipeleka, na karatasi zako za malipo mkononi, na kuomba kwa barua irekebishwe. Kazi hiyo haina siri yoyote. Unaiandika mwenyewe, na ikiwa mama yako hajui Kifaransa, unamwandikia.

Hata Marekani, ambako biashara ya "kutengeneza kredi" ni kubwa, ulaghai ulizidi mpaka ikatungwa sheria mwaka 1996 inayokataza makampuni hayo kupokea pesa kabla ya kumaliza kazi waliyoahidi. Sasa jiulize: kama kule kwenye sheria na mahakama mtu haruhusiwi kupokea malipo mbele, wewe unatuma dola 30 kwa namba usiyoijua kwa matumaini gani? Dola 30 hizo zingekuwa malipo ya kwanza ya deni lenyewe. Mwenye deni angeziona, na mambo yangeanza kubadilika siku hiyohiyo.

"Kenya wamefuta madeni, na hapa yatafutwa."

Tuseme ukweli wa Kenya, sababu habari ilitufikia imegeuka. Kule Benki Kuu imetoa leseni kwa ofisi 3 za taarifa za mikopo: Metropol, TransUnion na Creditinfo. Watu wanasema "ameingia CRB" kama vile ameingia gereza, kumbe ofisi hizo zinaandika wote, anayelipa vizuri na anayelipa vibaya. Vijana wengi walikopa kwenye simu, pesa ndogo ndogo za siku 30, wakashindwa kurudisha, wakaandikwa vibaya. Novemba 2022 Benki Kuu ya Kenya ikatangaza mpango wa kuwasaidia. Waliohusika walikuwa zaidi ya milioni 4, na madeni yao yote pamoja yalikuwa karibu shilingi bilioni 30 za Kenya. Mabenki yaliambiwa yapunguze deni angalau kwa nusu. Nusu iliyobaki mkopaji alipaswa kuilipa kwa mpango waliokubaliana mpaka 31 Mei 2023.

Soma tena hapo. Hakuna aliyeambiwa nenda, huna deni. Aliambiwa: tunakupunguzia, njoo tupatane, lipa kilichobaki kabla ya tarehe hii. Hiyo njo kutengeneza jina. Aliyebaki nyumbani akisubiri rais amfutie, alibaki na jina lilelile.

Kwetu Fizi imani hii ina mzizi mwingine. Tumeishi na miradi miaka mingi, na tumezoea kusema "ni makuta ya ONG", maana yake hayana mwenyewe. Lakini makuta ya AVEC si ya mzungu wala ya mradi. Mfumo huo ulianza Niger mwaka 1991 na shirika la CARE, na msingi wake ni kwamba pesa ni za wanachama wenyewe. Mradi unaweza kuleta sanduku, kaye na mafunzo. Kinachoingia ndani ni franga za mama aliyeuza mihogo. Ukikimbia na dola 150 za sanduku, umekimbia na pesa za mama 20 unaowafahamu kwa sura.

"Deni la zamani linakufa lenyewe."

Kwenye video wanasema: subiri miaka 5, subiri miaka 7, jina litakuwa safi. Ni kweli kwamba Kenya habari mbaya haikai kwa ofisi za CRB zaidi ya miaka 5, na Marekani kwa kawaida ni miaka 7. Lakini hiyo ni miaka ya habari kukaa kwenye faili. Anayechanganya habari ya deni na deni lenyewe ni kama mtu anayefikiri kwamba akichana karatasi ya daktari malaria imepona.

Na hapa kwetu kuna toleo lingine la imani hii, toleo la vita. Nimesikia wasomi, watu wenye diploma, wakisema: Bukavu ilichukuliwa na M23 Februari 2025, mabenki yakafunga milango, basi mikopo ya kule imekufa. Banki si jengo, ndugu. Mlango ukifungwa, mkataba uliotia sahihi unabaki mkataba, na siku mlango utakapofunguliwa jina lako litakuwa pale pale.

Lakini tusiwe wagumu wa moyo. Mtu ambaye duka lake liliporwa, au amekimbia na watoto bila godoro, hawezi kulinganishwa na mtu aliyekula makuta kwa pombe. Huyo hana sababu ya kujificha. Anachopaswa kufanya ni kujionyesha mapema: aende, au apige simu, aeleze kilichotokea, aombe kupangiwa muda upya, na maneno hayo yaandikwe. Wakopeshaji wengi wanaogopa zaidi mtu aliyepotea kuliko mtu aliyepata hasara. Mimi hasara yangu ya ndakala kila mmoja angeielewa, barabara ya Lulimba kila mmoja anaijua. Kile ambacho hawakuelewa ni miezi 7 ya kunyamaza.

"Chukua deni lingine ulipe la kwanza."

Hapa njo Bank Lambert anapoingia. Wote tunamjua, hana ofisi wala kibao, ana kaye na kadi za benki za walimu alizoshika kama rehani. Unachukua 100, mwisho wa mwezi unarudisha 130, wengine mpaka 150. Chukua kalamu. Una deni la AVEC la dola 100 lenye faida ya 5 kwa mwezi. Unalilipa kwa 100 ya Bank Lambert yenye faida ya 30. Mbele ya kikundi umekuwa mtu safi, na nyumbani umeleta moto. Miezi 3 ukilipa faida tu, dola 90 zimetoka na 100 bado unadaiwa. Mwezi wa 4 unarudi kukopa mu kikundi ili umlipe yeye.

Kuhamisha deni kunaweza kusaidia kwa sharti moja tu: deni jipya liwe jepesi kuliko la zamani, kwa faida na kwa muda, na hesabu uipige mbele ya mtu mwingine. Zaidi ya hapo ni kuhamisha aibu kutoka nyumba moja kwenda nyingine.

"Deni ni kachoti."

Hili linaaminiwa na pande mbili. Mdaiwa anaogopa kachoti, kwa hiyo anakimbilia Kigoma au Misisi. Mdai anaamini kachoti, kwa hiyo anakimbilia polisi. Wote wawili wamekosea. Mapatano ya kimataifa juu ya haki za kiraia na za kisiasa, ambayo nchi yetu iliyakubali mwaka 1976 ikiitwa Zaïre, yanasema katika kifungu cha 11 kwamba mtu asifungwe kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Udanganyifu ni jambo lingine: ukichukua mali ya mtu kwa hila, au ukauza mali uliyokabidhiwa kuilinda, sheria ya makosa inakungoja. Kushindwa kulipa peke yake ni shauri la madai. Na mdai ana njia yake: tangu 12 Septemba 2012 nchi yetu iko katika OHADA, na sheria zake zinampa utaratibu mwepesi wa kuomba mahakamani amri ya kulipa.

Najua tunayoyaona kila siku ni mengine. Kijana analala siku 3 ndani kwa deni la dola 40, familia inatoa dola 20 atoke, na deni linabaki 40. Nani amefaidika hapo? Si mama wa AVEC. Aliye ndani hafanyi kazi, na makuta yaliyomtoa hayakuingia mu sanduku. Msomi anayemshauri mdai "mfungishe tu" anamsaidia kupoteza pesa zake mara ya pili.

"Nikishalipa, jina ni safi palepale."

Hili ndilo nililoamini mimi baada ya kumlipa mama mdogo, na linadanganya zaidi sababu nusu yake ni kweli. Kulipa njo mwanzo, bila kulipa hakuna kitu. Lakini kuna mambo 2 yanayofuata.

La kwanza ni karatasi. Ukimaliza deni kwenye taasisi, usitoke bila hati inayosema kwamba umemaliza, yenye tarehe, sahihi na muhuri. Ikiwa ulitoa rehani, karatasi ya parseli kwa mfano, irudi siku hiyohiyo. Ikiwa ulilipa kwa simu, hifadhi ujumbe. Mimi najua familia iliyolipa deni mara 2 sababu aliyepokea mara ya kwanza alihama na hapakuwa na risiti.

La pili ni muda wa kuonekana. Katika AVEC sanduku lina kufuli 3, na funguo ziko kwa watu 3 tofauti. Halifunguliwi usiku, halifunguliwi kwa mtu mmoja. Linafunguliwa mu mkutano, wote wakiona. Kama kuharibika kwa jina kulionekana na wote, kutengenezwa kwake hakuwezi kufanyika kichochoroni kati yangu na mama mdogo.

Basi nilikwenda. Nilimwomba mama mwenyekiti anipe dakika 5 mu mkutano. Nikasimama mbele ya mama 22, wengine walinibeba mgongoni nikiwa mtoto, nikasema: deni lile lilikuwa langu, mama mdogo aliteseka kwa ajili yangu, nimemrudishia, risiti hii hapa, na naomba mumwangalie kwa jina lake mwenyewe. Aibu niliyoisikia siku ile sijawahi kuisikia mbele ya jury yoyote. Hawakupiga makofi. Mama mmoja aliuliza kwa nini sikuja mwaka uliotangulia, na sikuwa na jibu. Waliamua aweke akiba mzunguko mmoja mzima, kisha wataangalia. Aliweka kila juma bila kukosa. Mzunguko uliofuata alikopa dola 40, akarudisha kabla ya siku, akakopa 80. Hakuna siku ambayo mtu alimwambia "sasa umesafika". Siku moja tu aliombwa kuwa mdhamini wa mwenzake, na akajua.

Ndiyo maana nasema neno "kuosha" lenyewe linatupoteza. Kuosha ni kazi ya asubuhi moja: maji, sabuni, kamba, imekwisha. Jina la mkopo linafanana zaidi na nyavu iliyochanika. Unakaa chini ufukweni, unatafuta tundu liko wapi, unafunga fundo moja moja, na anayepita anakuona unafunga.

Namalizia kwa kutulaumu sisi wenyewe. Mikataba ya mikopo hapa kwetu inaandikwa kwa Kifaransa, na wanaoitia kidole ni mama wanaosema Kibembe, Kifuliru na Kiswahili. Taasisi zina deni la kueleza: faida ni ngapi kwa mwezi, adhabu ya kuchelewa ni nini, jina linapelekwa wapi. Tuzidai zieleze. Lakini ni wangapi kati yetu wenye diploma tulikaa jioni moja tukasoma mkataba wa mama zetu na kuufasiri neno kwa neno? Tuna muda wa kusikiliza audio ya dakika 14 kutoka Marekani. Mkataba una kurasa 3.

Kama unadaiwa, wewe unayesoma hapa, usitafute komisioneri. Tafuta kwanza ni nani amelipa kwa ajili yako. Kisha uliza mkutano wao ni siku gani.